Mtoto Asiyeitika Jina Lake

Kila asubuhi, kabla hakujapambazuka vizuri, mama alivaa viatu vyake vya raba, akafunga kitambaa kichwani na kusema maneno yale yale.

"Uji uko kwenye chupa. Mlango ufungeni kwa ndani. Mkia asitoke nje bila viatu."

"Haya, mama," alijibu Kimya.

Mama akaondoka kwenda hospitali, ambako alikuwa dobi. Mashuka ya wodi zote yalipita mikononi mwake, na jioni aliporudi vidole vyake vilikuwa vyeupe na vimekunjamana kama vya mtu aliyekaa majini siku nzima.

Kimya halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Majirani walianza kumwita hivyo baada ya baba yake kufariki, miezi mitano iliyopita. Kabla ya hapo alikuwa msichana wa kucheka mpaka anajishika mbavu. Baba alikuwa fundi mwashi. Aliugua homa ya mapafu kwa siku nane, na siku ya tisa akazikwa. Siku ile watu walimsubiri Kimya alie. Hakulia. Alipanga viti, akagawa maji, akaosha vikombe, akavipanga, kisha akaviosha tena.

"Mtoto huyu ana moyo wa jiwe," shangazi mmoja alinong'ona.

Halikuwa jiwe. Ilikuwa ganzi, kama ile ya mguu uliokaliwa kwa muda mrefu. Mguu upo, unauona, lakini ukiubonyeza haukuambii kitu.

Zamani mama alikuwa nyumbani mchana kutwa. Sasa ilibidi mtu mwingine abaki na mdogo wake Kimya, mtoto wa miaka minne na miezi mitatu. Huyu ndiye waliyemwita Mkia, maana popote dada alipokwenda, yeye alikuwa nyuma ameshika upindo wa gauni. Chekechea ya kulipia ilikuwepo mtaa wa pili, ina bembea na ukuta wenye picha za twiga, lakini ilikuwa ya wenye nacho. Basi Kimya, mwanafunzi wa darasa la sita, akawa anakwenda shule siku moja tu kwa wiki, siku ya mapumziko ya mama. Mwalimu wake wa darasa alikwisha kumwonya: "Ukiendelea hivi mpaka mwisho wa muhula, utarudia darasa." Kimya aliitikia kwa kichwa. Alijua angepaswa kuogopa, lakini hofu yenyewe haikuja.

Alasiri moja rafiki yake aliingia bila kubisha hodi. Huyo ni binti wa fundi viatu, na watu walimwita Redio kwa sababu hakuna habari iliyopita mtaani bila kusomwa naye kwanza.

"Umesikia? Hujasikia! Shuleni wanafungua darasa la awali. La serikali! Vile vyumba viwili vya nyuma, kimoja wamekwisha kukipaka rangi. Mwalimu ameletwa, vitabu vimeletwa, viti vifupi hivi vimeletwa. Na ni bure!"

Jioni Kimya alimweleza mama. Mama alikuwa amekaa kitandani anajikanda miguu.

"Bure?" alisema. "Mwanangu, mimi kitu cha bure ninachokijua ni hewa."

"Tangazo lipo kwenye ukuta wa shule, mama. Nimelisoma. Watoto wa miaka minne na mitano. Kuandikisha ni mpaka Ijumaa. Wanataka cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki."

Mama aliacha kujikanda. Wote wawili waligeuka kulitazama sanduku la bati lililokuwa chini ya meza. Walipohama kutoka vyumba viwili kuja katika chumba hiki kimoja, sanduku lile lilinyeshewa na mvua juu ya mkokoteni. Karatasi zote zilizokuwa ndani ziligeuka kuwa bonge moja, na kadi ya Mkia ilikuwa humo humo.

"Nitaomba ruhusa kazini niende kliniki wanipe nyingine," mama alisema.

Kesho yake alirudi na jibu. Msimamizi wake alikuwa amesema: wiki ijayo.

"Ijumaa ni ya wiki hii, mama," Kimya alisema.

"Najua, mwanangu." Mama alilala akiwa bado amevaa kitambaa chake kichwani.

Redio ndiye aliyepata dawa, au alichodhani ni dawa. "Mdogo wangu yule aliyepelekwa kwa bibi huko shamba, si ni rika moja na Mkia? Kadi yake ipo kabatini, haina kazi. Ichukue! Nani atajua? Watoto wa miaka minne wote sura zao ni moja, kamasi tu."

"Na jina?"

"Jina utamfundisha. Kasuku anafundishwa, atashindwa Mkia?"

Kimya aliipokea kadi ile. Alingoja moyo umdunde, kama ulivyomdunda zamani alipoiba sukari kidogo tu. Haukudunda. Aliiweka kadi ndani ya daftari, akaenda kuanika nguo.

Siku mbili akamfundisha Mkia jina jipya. Alimsimamisha mbele ya kitanda, akamwuliza kama mwalimu.

"Wewe unaitwa nani?"

Mkia alitaja jina lake.

"Siyo hilo. Hilo ni la nyumbani. Shuleni una jingine." Akamtajia jina la mdogo wake Redio, na la pili, ambalo ni jina la fundi viatu.

"Hilo la pili ni la baba yake Redio," alisema Mkia.

"Shuleni ni la baba yako."

Mkia alifikiri sana, kidole kikiwa puani. "Baba anajua?"

"Toa kidole," alisema Kimya.

Ijumaa walikuwa watu wa tatu kwenye foleni. Mwalimu wa awali alikuwa mwanamke kijana, mwenye chaki hadi kwenye nyusi. Aliipokea kadi, akaandika.

"Mzazi yuko wapi?"

"Mama yuko kazini. Mimi ndiye dada yake."

"Na baba?"

"Yupo," alisema Kimya. "Ni fundi viatu."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miezi mitano kusema kuwa baba yupo. Maneno yalitoka laini, bila kukwama popote. Usiku alimwambia mama kwamba Mkia amepokelewa, kadi hawakuitaka. Mama alifumba macho akamshukuru Mungu. Kimya alimtazama akishukuru, kisha akageukia ukuta.

Jumatatu Kimya akarudi darasa la sita. Alikaa dirishani, na kutoka pale aliona mlango wa darasa la awali. Walimu walikuwa wamefika kwenye sehemu ambazo hakuzijua, na ubao ulijaa namba zilizokaa moja juu ya nyingine. Alinakili kila kitu bila kuelewa na bila kuuliza. Kuuliza alikuwa ameacha siku nyingi. Lakini alikuwa shuleni. Hilo lilikuwa jambo zuri, alijiambia, ingawa alilisema kama mtu anayesoma maandishi kwenye mfuko wa saruji.

Mkia naye aliupenda uji wa saa nne, akapenda vile viti vifupi, akapenda kila kitu isipokuwa kuitwa majina. Mwalimu wa awali alipofungua daftari la mahudhurio, watoto waliitika mmoja mmoja, "Nipo!" Alipofika kwenye lile jina jipya la Mkia, hakuna aliyeitika. Akaliita tena. Mkia alikuwa anatazama nzi. Akaliita mara ya tatu kwa sauti ya kuamsha kijiji. Mkia akageuka kuangalia nyuma, aone huyo asiyeitika ni nani.

Siku ya tatu mwalimu alimwita Kimya wakati wa mapumziko. Uso wake ulikuwa na huruma.

"Binti, sikiliza. Nadhani mdogo wako ana tatizo la masikio. Nikimwita hasikii kabisa. Usiogope, kesho kutwa muuguzi anakuja kuwapima watoto wote. Serikali imetenga nafasi moja kwa kila shule ya kumpeleka mtoto kwa daktari wa masikio mjini. Nimekwisha kuandika jina lake."

"Ahsante, mwalimu," alisema Kimya.

Alirudi darasani, akakaa. Redio alimnong'oneza sikioni: "Vipi? Amegundua?"

"Anadhani Mkia ni kiziwi."

Redio alicheka mpaka akajificha chini ya dawati. "Basi ndiyo imekwisha! Mwambie ndiyo, ni kiziwi tangu azaliwe. Hata akiitwa asipoitika, ana sababu."

Kimya hakucheka. Alikuwa anatazama nje ya dirisha. Katika kivuli cha ukuta wa darasa la awali, msichana mdogo wa kwanza kufika kila siku alikuwa amekaa peke yake. Kimya alikuwa amemwona tangu Jumatatu. Wenzake wakiitwa kunawa mikono, yeye hubaki amekaa mpaka mtu amguse bega. Akiguswa, hutabasamu na kuutazama mdomo wa anayeongea. Mwalimu mwenye watoto arobaini hakuwa amemtambua, maana kwenye mahudhurio jirani yake alimsukuma kiwiko, naye akapaza sauti, "Nipo!" Nafasi ilikuwa moja.

Hapo kitu kidogo kilimchoma Kimya chini ya mbavu. Alishtuka. Alikuwa amesahau kwamba pale huwa panauma.

Siku ya kupimwa, muuguzi alikuja na mzani, sanduku la chanjo na miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Mwalimu mkuu, mzee mwenye suruali iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, alisimama mlangoni. Kimya aliitwa aje kumshika mdogo wake mkono.

"Huyu kadi yake inasema chanjo zote amemaliza," alisema muuguzi. "Basi hachomwi sindano. Tumpime masikio."

Alisimama nyuma ya Mkia, akaliita lile jina kwa sauti ndogo. Mkia hakutikisika. Akaliita kwa sauti ya kawaida. Wapi! Muuguzi alitafakari, akainama, akanong'ona kwa sauti ambayo hata Kimya aliisikia kwa shida: "Nani anataka pipi?"

"Mimi!" Mkia aligeuka na mkono tayari umenyooshwa.

Mwalimu mkuu alikohoa kuficha kicheko. Muuguzi hakucheka. Alivua miwani yake.

"Mwalimu, masikio haya yanasikia mpaka sisimizi akipiga chafya. Mtoto huyu anasikia vizuri. Ila jina hili halijui." Akapiga goti mbele ya Mkia. "Baba, unaitwa nani?"

Mkia alimtazama dada yake. "Lipi? La nyumbani au la shuleni?"

Mwalimu mkuu akamwangalia Kimya. "Baba yenu si fundi viatu, kibanda kile cha njia panda? Ngoja tumwite aje, si mbali."

Kimya alijua bado kulikuwa na njia. Angeweza kusema baba amesafiri. Angeweza kusema mtoto anatania. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, laini kama yale ya siku ya kuandikisha. Akamtazama Mkia, na Mkia alikuwa anamsubiri, uso umeelekea juu, amsikie dada atasema baba yao ni nani leo.

"Siyo baba yetu," alisema Kimya. "Baba yetu alikuwa fundi mwashi. Amekufa."

Neno lile hakuwahi kulisema. Wengine ndio waliolisema mbele yake. Sasa lilipotoka mdomoni mwake, mwalimu wa awali akawahi kumsogezea kiti, kimoja cha vile vifupi. Alieleza yote, tangu sanduku lililonyeshewa hadi kadi ya kuazima, na alipomaliza akanyoosha kidole dirishani.

"Na yule msichana pale ukutani, mwalimu. Yule ndiye hasikii. Nafasi ile mpeni yeye."

Muuguzi alitoka. Baada ya dakika chache alirudi amemshika msichana yule mkono, na mwalimu wa awali alipouona uso wa muuguzi, alikaa chini akajifunika mdomo.

Mama aliitwa siku hiyo hiyo. Alikuja na gauni lake la kazi, linanuka sabuni, na alipoingia ofisini aliamkia.

"Shikamoo, mwalimu. Mwanangu amefanya nini?"

"Marahaba, mama. Keti kwanza." Mwalimu mkuu alimsimulia polepole. Mama alimtazama Kimya, na machozi yakamshuka bila sauti.

"Tangazo ulilisoma?" mwalimu mkuu alimwuliza Kimya.

"Ndiyo, mwalimu."

"Lote?"

Kimya akafikiri. "Niliishia kwenye kadi ya kliniki."

Mwalimu mkuu alitoa nakala mezani. "Soma mstari wa mwisho. Kwa sauti."

Kimya alisoma: "Mtoto asiye na karatasi yoyote aletwe na mzazi au jirani anayemfahamu. Atapokelewa, na karatasi zitatafutwa baadaye."

Alisoma mara mbili. Mama alijifuta uso kwa upindo wa gauni.

"Umeona?" alisema mwalimu mkuu, na sauti yake haikuwa kali. "Mlango ulikuwa wazi, wewe ukaingilia dirishani, tena ukavunja kioo. Mtoto wa fundi viatu akirudi kutoka kwa bibi yake, akija kuandikishwa, tungemwambia jina lako limo tayari. Mdogo wako angekosa chanjo, maana kadi ile si yake. Na mtoto asiyesikia angekaa ukutani mwaka mzima, kwa sababu nafasi yake imechukuliwa na mtoto anayesikia harufu ya pipi. Serikali haijui mtaa wetu kwa sura. Inaujua kwa majina tunayoyaandika. Tukiandika ya uongo, itamjengea chumba nani?"

Kimya aliirudisha ile nakala mezani.

Kisha likaja lile alilokuwa akiliogopa. Jina la uongo lilifutwa. Mtu wa kwanza aliyekuwa kwenye orodha ya kusubiri, mtoto wa mama muuza mkaa, alipata kile kiti. Mkia aliandikwa upya kwa jina lake mwenyewe, la baba yake na la babu yake, lakini chini kabisa ya orodha, na mbele yake walikuwepo watoto kumi na wanane. Hakuna aliyemruka mtu. Kimya alirudi nyumbani kukaa na mdogo wake, na siku zikawa ndefu kama zamani.

Hata hivyo hazikuwa sawa na za zamani. Sasa ziliuma. Siku ya pili ya kukaa ndani, akikunja shati moja la baba ambalo mama alilitunza, Kimya alilia mpaka Mkia akamletea kikombe cha maji, akampa huku kimemwagika nusu.

Mama hakumpiga wala kumtukana. Alikwenda kwa msimamizi wake, na safari hii hakuomba kwa kuinamisha kichwa. Alieleza habari yote kama ilivyo. Akapewa saa mbili. Kliniki walifunua daftari lao kubwa, wakalipata jina la Mkia, wakamwandikia kadi mpya na kumchoma chanjo iliyobaki. Mkia alilia kwa heshima zake zote, akaomba pipi, akakosa.

Redio naye alipata adhabu. Fundi viatu alimwamuru awe anapeleka madaftari ya darasa la sita kwa Kimya kila alasiri na kumsomea yote yaliyofundishwa. "Kama mdomo una nguvu za kuazimisha kadi," alisema baba yake, "utakuwa na nguvu za kusoma hesabu."

Mwalimu mkuu alichukua ile orodha ya kusubiri yenye majina ya kweli, kila jina na nyumba yake, akaipeleka mwenyewe ofisi ya elimu. Zilipita wiki tatu. Kisha kile chumba cha pili cha nyuma, kilichokuwa ghala la madawati mabovu, kikafagiliwa. Viti vifupi vikaja. Akaja pia mwalimu wa pili, mwanamume mpole mwenye sauti nzito, ambaye watoto walimwogopa kwa nusu saa tu.

Asubuhi ya kufungua chumba hicho mama alikuwa ameomba kuingia kazini kwa kuchelewa. Walitembea watatu mpaka shuleni, Mkia katikati, viatu vyake vimepigwa rangi. Walipofika getini mama alisimama.

"Mwanangu," alimwambia Kimya, "mimi sikukasirika kwa kadi peke yake. Niliumia kwamba ulibeba mzigo mzima peke yako, hukuniuliza mimi, hukumuuliza mwalimu, hukumuuliza hata mtu wa barabarani. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, na wewe umeiona ilivyo fupi. Ya mkweli inazunguka, mtu anachoka, lakini hahitaji kuificha. Usipojua kitu, uliza. Ukikwama, sema. Ukiumwa, lia. Baba yako amekufa, hatukumzika ili tumtafutie mwingine kwenye karatasi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Haya. Nendeni."

Kimya alimpeleka Mkia mpaka mlangoni, akamwachia mkono. Kisha akaingia darasa la sita, akakaa karibu na Redio. Mwalimu wa hesabu alijaza ubao, akaeleza kwa haraka, akageuka. "Kuna aliyeachwa?"

Kimya alihisi moyo unadunda, unadunda kwelikweli, mpaka masikioni. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi sijaelewa. Tangu mwanzo."

"Hata mimi, mwalimu," alisema Redio. "Na mimi ndiye niliyekuwa namfundisha."

Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye akacheka. Akachukua kifutio, akafuta ubao wote, akaanza upya.